Kutoroka Dabarani: siku 3, 13, 16 au 18? Wenye hesabu za nyota njooni

#1 NahodhaDunga (Kisumu)

Habari zenu wadau. Naomba msaada kabla ya Jumamosi.

Sisi ni watu watano, tunakutana Kondele kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana kucheza mchezo wa mezani wa kuigiza, ule ambao kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, dadu zinarushwa, na mmoja ndiye msimulizi. Msimulizi ni mimi. Wetu ni wa safari za nyota. Kanuni tumeziandika kwenye daftari, na iliyo kubwa kuliko zote ni hii: chombo hakiruki kwenda nyota nyingine mpaka kiwe umbali wa vipenyo 100 kutoka kwa nyota iliyo karibu, na vilevile vipenyo 100 kutoka kwa sayari yoyote. Ukiruka ukiwa ndani ya mpaka huo unarusha dadu mbili, na ukipata chini ya 9 chombo kimepotea na wote waliomo.

Jumamosi iliyopita wahusika walikuwa wanatoroka kituo kinachozunguka Dabarani. Wamebeba dawa ambazo watu wa koloni lao walinyimwa, na walinzi wako nyuma yao. Wakaniuliza tutafika mpakani lini. Nikasema siku 3, kwa sababu tangu tuanze mwaka jana safari ya kutoka kwenye nyota huwa ni siku 3. Mmoja wetu anayesomea uhandisi akaweka penseli chini akasema Dabarani si Jua, ile ni nyota jitu, siku 3 haziwezekani. Tulibishana mpaka giza likaingia, kila mtu akaenda kwao. Kisa kilikuwa kimefika patamu kabisa na tangu siku hiyo nakiwaza usiku na mchana.

Sasa nauliza. Ukubwa wa nyota unapatikanaje, hasa nyota niliyoitunga mwenyewe? Na muda wa safari unapigwaje, kama chombo kinaongeza kasi kwa g moja wakati wote, yaani waliomo wanahisi uzito uleule wa hapa Duniani?

#2 BintiMenengai (Nakuru)

Karibu Nahodha. Tuanze na Jua letu maana ndilo kipimo cha mengine yote.

Kipenyo cha Jua ni kilomita 1,392,000. Mara 100 ni kilomita milioni 139.2. Dunia iko kilomita milioni 149.6 kutoka kwa Jua. Unaona? Dunia imeponea chupuchupu, iko nje ya mpaka wa Jua kwa kilomita milioni 10 tu. Ndiyo maana ukiondoka Duniani unapiga hesabu ya vipenyo 100 vya Dunia peke yake, kilomita milioni 1.27, na kwa g moja ni saa sita na ushee.

Hizo siku 3 zenu nadhani najua zilikotoka. Ukisafiri umbali mzima wa Dunia mpaka Jua kwa g moja, nusu ya njia unaongeza kasi, nusu unapunguza, unapata saa 68. Siku 2 na saa 20. Mtu aliikadiria ikawa siku 3, ikaandikwa daftarini, ikageuka sheria.

Dabarani kipenyo chake ni kama mara 45 ya Jua. Kwa hiyo mpaka wake uko kilomita milioni 6,264, karibu mara 42 ya umbali wa Dunia na Jua. Sayari yetu ya mwisho, Neptuni, iko mara 30. Mpaka wa Dabarani ungeimeza Neptuni na nafasi ingebaki.

#3 OtinoWaKibuye (Kisumu)

Nimepiga. Umbali mara mbili, gawa kwa mchapuko (yaani kasi inavyoongezeka kila sekunde; g moja ni kama mita 10 kwa sekunde kila sekunde), tafuta kipeuo cha pili. Mita trilioni 6.264 mara mbili, gawa kwa 10, kipeuo ni sekunde 1,119,000. Siku 13. Mhandisi wenu alikuwa na haki, na Nahodha unadaiwa siku 10.

#4 BintiMenengai

Otino, hujafunga breki. Hesabu yako ni ya matatu inayotoka Kisumu imekanyagwa mafuta mpaka inafika stendi ya Nakuru bila dereva kugusa breki. Unafika, ndiyo, lakini unafika ukiwa na kasi ya kilomita 11,000 kwa sekunde.

Kanuni ya kufika na kusimama ni hii: gawa umbali kwa mchapuko, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 2. Hapo Dabarani inakuwa siku 18 na saa 8.

#5 OtinoWaKibuye

Na nani kasema lazima wasimame mpakani? Mpakani hakuna stendi, dada yangu. Hakuna kitu. Wanafika, wanaruka.

#6 BintiMenengai

Hapo umenigusa. Nahodha, daftari lenu linasemaje? Chombo kikiruka, kinatokea upande wa pili na kasi yake ile ile, ama kinatokea kimetulia?

#7 NahodhaDunga

Daftari halisemi. Hatujawahi kufikiria.

#8 OtinoWaKibuye

Basi kama kasi inabaki, siku 13 ni halali, ila wakitokea kwa nyota ya pili wana kilomita 11,000 kwa sekunde za kuua, na kuziua kwa g moja ni siku nyingine 13. Deni limehamia upande wa pili. Lakini kwa mtu anayefukuzwa, deni la kesho ni afadhali.

#9 MwalimuWaUmbo (Maseno)

Hamjambo. Mimi nafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne, naomba nijibu swali la kwanza la Nahodha maana limerukwa.

Ukubwa wa nyota unapatikana kwa vitu viwili: inang'aa kiasi gani kwa jumla, na uso wake una joto kiasi gani. Josef Stefan mwaka 1879, kisha Ludwig Boltzmann mwaka 1884, walionyesha kwamba nuru inayotoka kwenye kila mita ya mraba ya uso wa moto inakua kwa joto kipeo cha nne. Joto likiongezeka mara mbili, nuru ya kila mita inaongezeka mara 16. Nendeni kwa mafundi wa jua kali muone. Ncha ya waya wa kuchomelea ni ndogo kama punje ya mchele lakini huwezi kuitazama. Jiko la makaa ni kubwa mara nyingi, jekundu, na unalitazama ukichoma mahindi. Ili makaa yatoe nuru sawa na ile ncha, lazima yawe mengi, yatandazwe mahali papana. Nyota nyekundu inayong'aa sana ni lazima iwe kubwa. Haina njia nyingine.

Kwa hiyo: chukua mng'ao wa nyota ukilinganisha na Jua, tafuta kipeuo chake cha pili. Kisha chukua 5,772, ambalo ndilo joto la uso wa Jua kwa Kelvini, gawa kwa joto la nyota yako, jibu lizidishe kwa lenyewe. Zidisha hizo mbili. Jibu ni ukubwa wa nyota ukilinganisha na Jua.

Dabarani: mng'ao kama mara 440, kipeuo 21. Joto kama 3,900, kwa hiyo 5,772 kwa 3,900 ni 1.48, mara yenyewe 2.19. Zidisha, unapata 46. Binti amesema 45, hatujapishana. Na hiyo 45 haikutokana na kanuni hii peke yake. Mwezi wetu huwa unapita mbele ya Dabarani, na wanaastronomia wakapima jinsi nyota inavyofifia ukingo wa Mwezi unapoifunika. Nyota ingekuwa nukta tupu ingezimika ghafla. Dabarani inachukua muda mdogo sana kufifia, na katika muda huo umo upana wake.

#10 Mkulima_Kimilili (Bungoma)

Mulembe nyote. Mwalimu, wanafunzi wako wana bahati, sisi tulimezeshwa kanuni tukaitapika kwenye mtihani.

Swali la nyongeza: mimi nyota zangu nazitunga. Sina mng'ao wala joto, nina wazo tu kwamba nyota ni ndogo na ya rangi ya chungwa. Nianzie wapi?

#11 MwalimuWaUmbo

Anza na masi, mkulima, yaani wingi wa vitu vilivyomo ndani ya nyota. Ukijua masi ya nyota ya kawaida, ile ambayo bado inachoma haidrojeni yake kama Jua, unaweza kukisia mengine. Kipenyo kinafuata masi kipeo 0.8, mng'ao unafuata masi kipeo 3.5. Nyota yenye nusu ya masi ya Jua: kipenyo 0.57, mng'ao chini ya sehemu moja ya kumi. Ni makadirio, lakini kwa meza ya mchezo yanatosha. Usiyatumie kwa nyota majitu wala kwa vibete vyeupe, yaani mabaki madogo ya nyota zilizokwisha kuchoma, utapotea.

#12 MhandisiMtarajiwa (Kisumu)

Mimi ndiye niliyeweka penseli chini.

Nahodha, sikutaka mchezo uvunjike, na samahani kwa sauti niliyotumia. Lakini nasimama pale pale. Tena wote hapa mmesahau kitu: safari haianzii katikati ya nyota! Kituo kile tulisema kiko mbali na Dabarani mara 10 ya umbali wa Dunia na Jua, kwa sababu karibu zaidi ni tanuri. Mpaka uko mara 42. Kinachobaki ni mara 32. Kwa kufunga breki ni siku 16, bila breki ni siku 11 na kitu. Hizo 18 za Binti na 13 za Otino zote zimezidi.

Na mtazame jambo hili, ndilo linalonifurahisha katika hesabu hizi. Umbali mara 32 haukuleta muda mara 32. Ulileta mara 5 na nusu hivi, kwa sababu ya kipeuo. Umbali ukiwa mara nne, muda ni mara mbili tu. Msimulizi akilijua hilo peke yake, anaweza kukadiria safari yoyote kichwani akianzia na zile saa 68.

#13 BintiMenengai

Nakubali, nilianzia katikati. Siku 16.

#14 FundiRedio (Kakamega)

Nimesoma uzi wote nikiwa kazini, naomba nichokoze.

Kwa nini vipenyo? Nani aliwaambia kwamba kinachozuia kuruka ni unene wa nyota? Kama kuna kitu kinachovuruga mitambo ya kuruka, basi ni mvuto, na mvuto hautokani na unene. Dabarani ina masi kama mara 1.16 ya Jua. Basi! Ni andazi lililoumuka. Unga ni karibu ule ule wa Jua, hamira imeingia, likafura mara 45. Ukikaa mbali nalo, mvuto wake ni karibu sawa na wa Jua.

Mimi kwenye meza yetu hapa Kakamega tunapima tofauti ya mvuto kati ya pua ya chombo na mkia wake. Ndiyo nguvu inayovuta kitu pande mbili, ile inayofanya bahari ijae na kupwa kule Mombasa. Hiyo inapungua kwa umbali kipeo cha tatu. Ukiweka mpaka wa Jua pale pale penu, kilomita milioni 139, basi mpaka wa Dabarani ni kipeuo cha tatu cha 1.16, yaani mara 1.05. Kilomita milioni 146. Kituo chenu kiko mara 10 ya umbali wa Dunia na Jua. Kiko nje kabisa!

Nahodha, wahusika wako hawakuhitaji siku 3 wala 16. Wangefungua mlango, wasogee kidogo, waruke.

#15 NahodhaDunga

Fundi, umeniua. Sasa hakuna kisa!

#16 OtinoWaKibuye

Siku 3, 11, 13, 16, 18, na sasa sufuri. Tuendelee, labda kesho tutafika jana.

#17 BintiMenengai

Fundi, nimeijaribu kanuni yako kwa nyota nyingine, na inapindua kila kitu.

Proxima Centauri, jirani yetu wa miaka ya nuru 4.24. Kipenyo chake 0.154 ya Jua, masi 0.122. Kwa vipenyo 100 mpaka ni kilomita milioni 21.4. Sayari yake moja iko kama kilomita milioni 7.3 kutoka kwa nyota, imo ndani ya mpaka, unatoka kwa saa 21. Kwa kanuni yako mpaka unasukumwa mpaka kilomita milioni 69, na kutoka ni saa 44. Kwa hiyo kibete chekundu, ambacho wachezaji wote hukipenda kwa sababu ya safari fupi, kinageuka gereza.

Halafu Shira, ile nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Ina mwenzake, kibete cheupe, kikubwa kama Dunia tu, lakini masi yake ni kama ya Jua zima. Kwa vipenyo mpaka wake ni kilomita milioni 1.2. Kwa kanuni yako ni milioni 140. Tofauti zaidi ya mara mia! Mchezaji akijificha karibu na kibete cheupe, kwa daftari la Kisumu ataruka saa sita baadaye, kwa daftari la Kakamega hatoki karibu siku tatu.

#18 FundiRedio

Naam, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kibete cheupe ni kitu cha kuogopwa. Kukipita kama mwezi mdogo ni kukosa heshima kwa maumbile.

#19 Mkulima_Kimilili

Mbona msitumie nguvu ya mvuto yenyewe, bila hizo pua na mikia? Kitu kikikuvuta zaidi ya kiasi fulani, huruki. Kinaeleweka hata kwa mtoto.

#20 MwalimuWaUmbo

Inawezekana, mkulima, ila angalia itakupeleka wapi. Ukichukua nguvu ya mvuto wa Jua pale kwenye vipenyo 100 uifanye ndiyo sheria, basi kwa Dunia utaipata nguvu hiyo hiyo kwenye kilomita 241,000 hivi. Mwezi uko kilomita 384,400. Utaruka kabla hujafika Mwezini. Je, mnataka vyombo viruke karibu na miji ya watu hivyo?

Na jambo lingine la kuwaza. Jua linaivuta Dunia kwa nguvu kuliko Mwezi, zaidi ya mara 170. Lakini kujaa kwa bahari kunatokana na Mwezi zaidi ya mara mbili kuliko Jua. Mvuto na tofauti ya mvuto ni vitu viwili, na kila kimoja kitakupa ramani yake ya anga. Fundi na mkulima hamsemi kitu kimoja, hata kama kwa Dabarani majibu yenu yanakaribiana.

Tena uzito na masi tuvitenganishe, kuna mahali naona vimechanganywa.

#21 Mkulima_Kimilili

Nimesahihishwa na sijaandika neno uzito hata mara moja! Aliyelitaja ni Nahodha, na alilitumia vizuri.

#22 MwalimuWaUmbo

Kweli kabisa. Nisamehe, ni mazoea ya kusahihisha madaftari usiku.

#23 MamaWaKlabu (Nakuru)

Niongeze lililonisaidia mimi. Ninasimamia watoto wa klabu ya sayansi mtaani kwetu Lanet, na tunacheza mchezo kama huu ila mwepesi. Namba hizi haziwaingii. Milioni kwao ni milioni, ziwe 139 au 6,000. Kwa hiyo tulichukua chungwa la sentimita 7, tukasema hili ndilo Jua. Mtoto mmoja akahesabu hatua, vipenyo 100 ni mita 7, akachora duara kwa kijiti. Mwingine akashika punje ndogo kuliko mbegu ya terere, nusu milimita na kidogo, hiyo ni Dunia, akasimama mita 7 na nusu. Nusu mita nje ya duara! Wakapiga kelele, maana waliiona kwa macho yao.

Kisha Dabarani. Kwa kipimo hicho hicho nyota yenyewe ina upana wa mita 3 na sentimita 15, haiingii mlangoni. Duara lake la vipenyo 100 linaanza mita 315 kutoka katikati, hivyo ilibidi tuvuke barabara, tukapita kioski cha maziwa mpaka kwenye ua wa jirani. Walitembea kimya. Halafu wakaniuliza nyota ya pili iko wapi, nikawaambia chungwa likiwa Kisumu, Proxima iko kama kilomita 2,000, yaani Harare. Hapo ndipo walipoelewa kwa nini mchezo unahitaji kuruka.

#24 NahodhaDunga

Mama, asante sana. Hiyo ya chungwa naichukua kama ilivyo.

#25 OtinoWaKibuye

Na bila kuruka, kwa hiyo g moja, ukaenda Proxima moja kwa moja na breki katikati, ni muda gani? Nimejaribu kanuni ya Binti ikanipa kasi inayopita nuru, nikajua nimekosea.

#26 MwalimuWaUmbo

Hujakosea kuhesabu, Otino, umeivusha kanuni mpaka wake. Ndani ya mfumo mmoja wa nyota kasi zetu ni asilimia chache za nuru, kanuni ya kawaida inatosha. Kwenye miaka ya nuru lazima umwite Einstein. Kwenda Proxima kwa g moja, Duniani itapita kama miaka 5.9, na ndani ya chombo kama miaka 3 na nusu. Wahusika wako watarudi wakiwa wadogo kuliko wadogo zao.

#27 MhandisiMtarajiwa

Naomba nitoneshe kidonda kingine. Kuchapuka g moja siku 16 mfululizo ni mabadiliko ya kasi ya karibu kilomita 14,000 kwa sekunde. Roketi nzuri ya haidrojeni na oksijeni hutoa gesi yake kwa kilomita 4.5 kwa sekunde. Hakuna tangi, hata lingekuwa kubwa kama Ziwa Victoria, litakalotosha. Kwa hiyo kabla ya kubishana mpaka uko wapi, injini yetu ni ya nini?

#28 NahodhaDunga

Injini ni ya mchezo, ndugu yangu. Tulikubaliana siku ya kwanza kwamba ipo na haiulizwi. Tukikubali kuruka tukakataa injini tutakuwa tumechinja ng'ombe tukaacha mkia.

#29 Mkulima_Kimilili

Mimi niko na jambo la tumbo. Watu watano, siku 16. Mtu mmoja lita 3 za maji kwa siku za kunywa na kupikia, hiyo ni lita 240. Madumu 12 ya lita 20. Na unga, na omena, na mboga ikiisha siku ya nne. Msimulizi akisema siku 3 hakuna anayeuliza chakula. Akisema siku 16, watu wataanza kuangaliana. Hapo ndipo hadithi ilipo kwangu, sio kwenye mpaka.

#30 FundiRedio

Kweli, na redio pia. Toka mpakani mpaka kituoni ujumbe unachukua saa 4 na dakika 25 kwenda tu. Mlinzi anaweza kutuma onyo la kusalimu amri, akalipata jibu lake kesho yake.

#31 MhandisiMtarajiwa

Na walinzi wenyewe? Chombo chao kina g mbili. Muda wao ni wetu ukigawa kwa kipeuo cha 2. Sisi siku 16, wao 11 na saa chache. Wana siku 4 na nusu za kujipanga kabla ya kuondoka, na bado watatufikia mpakani. Wasipofunga breki ni siku 8 tu, lakini watatupita kwa karibu kilomita 14,000 kwa sekunde, hawatapata hata muda wa kutuona. Kwa hiyo lazima wachague: watupate wakiwa wamechelewa, au watupite wakiwa na haraka. Nahodha, hiki ndicho nilichotaka kukuambia Jumamosi nikashindwa kukisema vizuri. Siku 3 zilituondolea haya yote.

#32 NahodhaDunga

Sasa nimekuelewa. Ungesema hivi ningenyamaza saa ile ile.

#33 MamaWaKlabu

Mnajua maana ya jina Dabarani? Limetoka kwa Kiarabu, ni yule anayefuata. Kwa sababu kila usiku inachomoza nyuma ya Kilimia na kuifuata angani mpaka magharibi. Mwezi wa Desemba, giza likiingia, tazameni mashariki, kwanza kile kishada cha Kilimia, halafu chini yake nyota moja yenye wekundu. Mmechagua nyota ya kufukuzana bila kujua.

#34 OtinoWaKibuye

Hii imenipa baridi.

Mimi bado nasema kasi ibaki wakati wa kuruka. Bila breki.

#35 FundiRedio

Na mimi nasema andazi ni andazi. Mkitaka Dabarani iwe na mpaka mkubwa, semeni ni vumbi na upepo unaopeperuka kutoka kwa nyota jitu, maana kweli majitu hupoteza gesi nyingi kuliko Jua. Hapo mtakuwa na sababu, na nitatulia.

#36 BintiMenengai

Hiyo ya upepo ni nzuri kuliko ya vipenyo. Lakini basi mpaka hautakuwa duara moja, utapanuka na kupungua, na nani atauhesabu?

#37 NahodhaDunga

Wadau, nimeongea na wenzangu kwa simu jana usiku. Kituo kinabaki mara 10, mpaka unabaki vipenyo 100 kwa Jumamosi hii peke yake, na wanaondoka na madumu 9 kwa sababu ndiyo waliyokuwa wameandika kwenye karatasi ya shehena. Kuhusu breki wamegawanyika, wawili kwa wawili, wananingoja mimi nivunje sare na sijaamua.

Lakini nina swali, maana wakitoka salama wanaelekea Shira. Zile nyota mbili zinazungukana kwa miaka 50, na umbali kati yake unabadilika kutoka kama mara 8 mpaka kama mara 31 ya umbali wa Dunia na Jua. Chombo kikitokea katikati yao, mipaka miwili, upi unahesabiwa?

#38 FundiRedio

Yote miwili, na unajumlisha. Ngoja nitoke kazini nikuchoree.

#39 MhandisiMtarajiwa

Usijumlishe! Nahodha, usiandike chochote kwenye daftari mpaka nifike. Nakuja saa nane, nina kikokotoo.